Kadi Iliyopewa Jina Jipya

Fundi wa kompyuta wa maktaba yetu hugonga meza mara tatu kabla ya kuandika lolote, na kahawa yake huipoza kwa kuisahau. Leo Tsigereda, mkutubi wa chuo hapa Addis Ababa, alimwona akigonga mpaka kidole kikamuuma. Tangu fundi asasishe mfumo jana mtandao umekufa, na usajili wa mtihani unafungwa adhuhuri.

"Naiita kadi ya waifai kwa jina lake, haiitiki!" fundi akalalamika.

"Unaiita nani?" Tsigereda akauliza. "Mie nilipoolewa mama mkwe alinipa jina jipya. Ukiniita la zamani, sigeuki!"

Fundi akakodoa macho, akaangalia: kweli, mfumo mpya umeibadili jina. Akaliandika hilo jipya mahali pa lile la zamani. Mtandao ukarudi, na fundi, ambaye hacheki kamwe, akainuka akicheza kwa mabega kama wachezavyo watu harusini kwetu. Tsigereda, anayekataza hata kunong'ona humo maktabani, akapiga kigelegele cha harusi.