Koja la Asmini Lililosafiri kwa Trela

Nilikwenda Mambrui kwa sababu dada yangu Khadija alivunjika mguu. Saida, mtoto wa marehemu mdogo wetu, ambaye Khadija alimlea tangu akinyonya, alikuwa anaolewa huko kwa jamaa za babake, na mlezi wake yuko Mombasa kitandani, mguu umo ndani ya plasta.

"Mimi siendi," aliniambia, "lakini koja langu litakwenda."

Akaagiza asmini zilizofumba, akatunga koja refu la bibi harusi kwa mkono wake, akiwafukuza wote waliotaka kumsaidia. Asmini Mambrui zipo tele, tena nzuri. Lakini hazikutungwa na Khadija.

Nilijiponza kwa mdomo wangu. Shemeji yangu alikuwa amenunua trela kwa wahandisi wa kigeni waliomaliza kazi ya barabara, nami nilikubali kulifikisha Watamu, alikodishe kwa watalii. Halikuburutwa kwa nyuma kama mengine; shingo yake ilikaa mgongoni mwa pikapu. Ndani mlikuwa na vitanda, jiko na friji ya gesi. Nikajigamba kwa dada kwamba nitapitia Mambrui kwanza, na koja litafika kama lililotungwa saa ile. Nilikuwa nimesoma kijitabu cha maelezo mara mbili, na mwalimu wa shule aliyeelewa kitabu cha friji hana wa kumzuia.

Nilichoelewa ni hiki: friji ya namna ile haipozi kitu trela likisimama upande. Ndiyo maana trela lilikuwa na jeki nne za mafuta. Ukibonyeza kitufe cheupe kwa ndani, karibu na mlango, miguu ya chuma inashuka yenyewe, inainua huku, inalegeza kule, mpaka trela likae sawa na taa ya kijani iwake; cheusi huirudisha miguu juu.

Alfajiri tuliondoka Mombasa, koja likiwa ndani ya friji, mimi na Charo, dereva wa shemeji, mtu wa Ganze asiyesema sana, na akisema unatamani angenyamaza.

Kilifi tulikuta foleni. Daraja halijajengwa miaka hiyo. Tulivuka kwa feri, na magari yalisubiri kwenye mteremko. Muda ulipita, nikafungua friji: vuguvugu. Nikabonyeza kitufe. Miguu ya mbele ikashuka, ikasukuma, hadi mgongo wa pikapu ukaanza kuinuka pamoja na trela.

"Mwalimu," Charo akauliza, "tunavuka au tunapaa?"

Taa ya kijani haikuwaka. Ikawaka ya feri, kutuita. Miguu ya chuma haijui haraka. Ilirudi juu kwa heshima zote, huku nyuma honi zikilia. Mama mmoja mwenye kapu la korosho alitupita, akatutazama.

"Hilo gari lenu limekaa eda?"

Saa sita tulikuwa Malindi, hatukusimama hata kwa maji. Tukavuka Sabaki, na baada ya adhuhuri tukaingia Mambrui.

Bi Mwanaamina, shangazi yake Saida, alikuwa ameambiwa kwamba trela linataka mahali pa sawa. Basi shimo la taka la kale uani lilifukiwa, likatandazwa mchanga mweupe, ukafagiliwa na kunyunyiziwa maji. Sijapata kuona ua uliotandikwa vizuri vile kwa ajili ya magurudumu. Charo akalifungua trela kutoka kwenye pikapu, nikabonyeza kitufe, na mguu wa kushoto ukazama mchangani kama kijiko kwenye uji. Taa nyekundu.

Nilitoka nje nikautazame. Kufumba na kufumbua wanawake kumi wakaingia kuona koja, na katikati yao, amefunikwa gubigubi, Saida mwenyewe.

"Bi Mwanaamina," nikaita dirishani, "tafadhali tokeni kidogo, trela likae sawa."

"Tutoke vipi na bibi harusi, na huko nje pamejaa wanaume?"

Kweli pamejaa. Mtaa mzima ulikuja kutazama miguu ya chuma. Mimi ni mjomba wa Saida, lakini si mjomba wa wale kumi, kuingia siwezi. Kitufe kiko ndani, mtaalamu yuko nje, na asmini za dada yangu zinapata joto.

"Mwalimu, mfukuze mtu hapa akuone adui," Charo akasema. "Mpe kazi."

Nikawatuma wanaume wakalete mbao. Zikaja za kitanda, za banda la mbuzi, hata ubao wa madrasa ambao aliyeuleta aliapa kwamba ni wa zamani. Lakini mguu ulipaswa kuinuliwa kwanza.

"Bi Mwanaamina, bonyeza kitufe kilichoandikwa..."

"Maandishi hayo si yangu. Nitajie rangi."

"Cheusi!"

Mguu ukapanda. Charo akapanga mbao. "Sasa cheupe!"

Trela likatikisika, likainuka. Ndani vikapigwa vigelegele. Nje wanaume wakamsalia Mtume. Taa ya kijani ikawaka.

Jioni friji ilikuwa baridi. Maua machache yaligeuka hudhurungi kingoni, mengine yakanusurika. Saida alivishwa koja mle mle ndani ya trela, wanawake wakiimba. Mimi nilikuwa nje, nalinda mbao.

Safari ya kurudi ilikuwa na mzigo mmoja. Tuliliacha trela Watamu, nikapanda na Charo kwenye pikapu, mapajani nimebeba koja lililovaliwa, ambalo Saida alilirudisha kwa mamake mlezi. Joto lilikuwa kali, friji hakuna. Nilipofika Mombasa nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.

Khadija alilipokea koja lililonyauka, akalinusa kwa muda.

"Haya, nihadithie. Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Niliweza kumweleza mguu wa kushoto, mguu wa kulia na unene wa kila ubao. Saida sikumwona.

Dada akanitazama, akacheka mpaka plasta ikagonga kitanda.

"Kaa, ndugu yangu, nikuhadithie mimi." Akapitisha vidole kwenye uzi. "Walimfukiza udi mwingi. Hapa pana hina. Alilishika kabla haijakauka, hasikii mtoto huyu. Na hapa uzi umelegea, maua yamebanwa. Amekumbatiwa hapa, tena si na mmoja."

Aliendelea hivyo hadi mwisho wa koja, nami, niliyetoka huko, nilisikiliza habari za harusi.