Mashine ya Nyasi na Chai ya Wakwe

Haya nayaeleza kwa sababu mke wangu, Mama Ciru, amesema nisipoyaeleza mimi atayaeleza yeye, na yeye akieleza jambo huongeza chumvi, ingawa kwa hili sijui angeiongeza wapi maana aibu yenyewe ilikuwa imejaa pomoni. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kilimo, tena si mwaka mmoja wala miwili, nimechora tumbo la ng'ombe ubaoni mpaka chaki zikaisha, na watu wa hapa Kamakwa, Nyeri, bado huniita Mwalimu wakinipita njiani. Kwa hivyo mtu akiniuliza ilikuwaje mwalimu wa Kilimo akashindwa na nyasi za boma lake mwenyewe, huinamisha kichwa tu na kuangalia viatu vyangu.

Nyasi zenyewe ziko mbele ya nyumba, kutoka langoni hadi verandani, na kwa miaka mingi zilikatwa na Mama Kariuki, mjane anayeishi ng'ambo ya ua wetu wa miti ya miiba ya kaiyaba. Alikuja na panga na gunia, anakata kipande leo, kipande kingine keshokutwa, anafunga mzigo, anaubeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, anampelekea ng'ombe wake mmoja. Sasa mtu akikata nyasi hivyo haziwezi kulingana, hapa fupi, pale ndefu, boma langu likawa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka yake, na jambo hilo lilinikera sana baada ya kustaafu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuangalia. Na kila asubuhi tulikuta chupa ya maziwa juu ya ukuta wa lango. Mimi (msinicheke) niliamini maziwa yale ni ujirani mwema tu.

Basi siku moja nikaenda Nanyuki kumwona rafiki niliyefundisha naye, nikakuta nyasi zake zimelala sawasawa kama zulia, akanitolea mashine ya kukatia, ya betri, haina waya, haina petroli, akaisukuma mbele yangu huku tunaongea bila kupaaza sauti. Roho yangu ikaitamani. Aliinunua kwa mfanyabiashara anayekusanya vitu vinavyoachwa na watu wa ranchi na wanajeshi wa kigeni wanaporudi kwao, na hatukupoa, tulienda siku hiyo hiyo, tukakuta imebaki moja. Yule mtu akaniambia, "Mzee, hii unasukuma tu kama kigari ya mtoto. Betri iko sawa, inakaa." Sikumuuliza inakaa kwa muda gani. Bei sitaitaja, Mama Ciru yuko chumba cha pili na masikio yake ni mazima.

Kesho yake nikaitoa nje makusudi wakati watu wanapita. Vijana wa boda boda wakasimama langoni, jirani mmoja akaja na kikombe chake cha uji mkononi, na mimi nimevaa kofia, nasukuma, nageuka, nasukuma. Hapo ndipo Mama Kariuki akaingia na panga lake na gunia. Ningeweza kumvuta kando, lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, nikasema mbele ya watu wote:

"Mama Kariuki, wewe sasa pumzika. Hii kazi imekuchosha. Mashine imekuja."

Aliiangalia ile mashine kwa muda. "Na hiyo nyasi inaenda wapi?"

"Inasagwa, inarudi kwa udongo. Ni mbolea," nikamwambia, kwa sauti ya darasani.

"Sawa, Mwalimu."

Akakunja gunia lake mara mbili, akaliweka kwapani, akaenda. Kijana mmoja wa boda akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona mtu mwenye huruma.

Asubuhi iliyofuata chupa haikuwepo, na iliyofuata pia. Mama Ciru akaniuliza, "Maziwa haikuja. Ulimwambia Mama Kariuki nini?" Nikamjibu kwamba nilimwambia apumzike. Aliweka kikombe chini, akaniangalia, akaondoka, na mimi niliyesahihisha mitihani ya watoto wa watu sikuelewa nimepewa alama gani. Tukaanza kununua maziwa ya pakiti.

Wiki hizo ndizo Ciru, binti yetu wa pekee, alipotuletea habari kwamba wazazi wa Maina, mchumba wake, wangekuja kutoka Karatina kujua boma. Kwetu siku hiyo si ya kuongea mambo ya mahari, bado, lakini ndiyo siku nyumba yako inapopimwa, kila kitu kinaonwa na kila kilichoonwa kinarudi kuelezwa kwao, na muthoni, yaani mkwe wa namna hiyo, ni mtu ambaye mbele yake hata kujikuna unajikuna kwa adabu. Ciru aliniomba kitu kimoja tu.

"Baba, nataka tu hiyo siku iende vizuri. Baba ya Maina huwa anaangalia vitu sana."

Nikamwambia aniachie mimi. Mvua ya masika ilikuwa imeanza na nyasi zimepanda mpaka magotini, kwa sababu baada ya ile siku ya maonyesho nilikuwa nimeiweka mashine stoo na kuifunika blanketi, lakini nikapanga kuzikata asubuhi ile ile ya wageni ili wakute harufu ya nyasi mbichi. Haya ndiyo mambo ambayo mtu hupanga akiwa hana kazi.

Ijumaa alasiri, wageni wakitarajiwa kesho yake, dada yangu akaja kutoka Mukurweini na mtungi wa maziwa, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, mazito, kwa sababu Mama Ciru alikataa kabisa kuwapa wakwe chai ya maziwa ya pakiti. Kwa vile jikoni kulikuwa na mapishi ya kila aina, wakayaweka kwa friji bila kuyachemsha. Jioni nikataka kuchaji betri. Soketi zote za nyumba yetu zimelegea isipokuwa ile ya friji, basi nikachomoa friji, nikachomeka chaji, nikijiambia baada ya saa moja nitarudisha. Nikala, nikaangalia habari, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni na mtu yeyote. Asubuhi nikakuta taa ya kijani inawaka, nikachomoa betri yangu kwa furaha, nikatoka mbio, na waya wa friji nikauacha unaning'inia pale pale.

Nikaanzia langoni. Lazima niseme ukweli, mwanzo ulikuwa mzuri, mistari ilinyooka mpaka Mama Ciru akatoka na mwiko mkononi akasema, "Leo umenifurahisha." Lakini nyasi ndefu zenye umande si nyasi za Nanyuki. Nilipofika katikati ya boma mashine ikaanza kulia kwa uchovu, ikashusha sauti, ikanyamaza. Nikaipeleka betri kwenye chaji, ikawasha taa nyekundu ya kukataa chaji, nikaitoa nikaipangusa, nikairudisha, nyekundu. Nikachukua panga la nyumbani (halijanolewa kwa miaka mingi) nikakata mara tano, mgongo ukakataa, na kabla sijajinyoosha vizuri nikasikia magari mawili yakipiga honi langoni. Nilijaribu kuivuta mashine nikaifiche nyuma ya nyumba, lakini magurudumu yalikuwa yameshazama kwenye matope, ikabaki pale, nami nikakimbia ndani kuvaa suti.

Kwa hivyo wakwe waliketi upande ulionyolewa, viti vimepangwa, vitambaa vimetandikwa, na mbele yao nusu ya boma ikiwa msitu na mashine imesimama mpakani. Baba Maina, mzee mrefu wa koti la kijivu, aliangalia kila kitu kama tulivyoonywa. Baada ya maombi akaniuliza kwa upole kabisa:

"Hii nyasi yenu mzuri hivi, mnapatia ng'ombe gani?"

"Hatuna ng'ombe," nikasema.

"Sasa huwa inaenda wapi?"

"Mashine inaisaga. Inabaki hapo chini."

Shangazi mmoja wa upande wao aligeuka na kiti chake chote. "Ati mnasaga nyasi?"

Hapo Mama Ciru akatokea mlangoni akaniita kwa kidole, na katika ndoa yetu yote sijawahi kuitwa kwa kidole. Jikoni nikaonyeshwa sufuria kubwa ya chai. Maziwa yalikuwa yamekatika, mabonge huku, maji huku, na majani ya chai yakizunguka katikati. Dada yangu wa Mukurweini alikuwa ameshika waya wa friji mkononi, ananionyesha. Wakwe wa Karatina, watu wenye ng'ombe, wamekuja mara ya kwanza, na sisi tungewapa chai ya rangi kama watu waliofiwa. Ciru alikuwa amesimama kando ya dirisha na nguo yake mpya, na hakunilaumu, alifunga macho tu. Kwenye duka la karibu maziwa yalikuwa yamekwisha. Boda wa kwenda mjini na kurudi kwa barabara ile yenye tope angechukua muda mrefu, na wageni walikuwa wameshashika vikombe vitupu.

"Nenda kwa Mama Kariuki," Mama Ciru akasema.

Nilienda. Mita hamsini, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nilimkuta mlangoni kwake akimenya viazi, amevaa gambuti, na kando yake gunia la nyasi za mtoni, zile ngumu zenye makali. Nikapiga hodi, akanikaribisha, lakini hakunipa kiti. Nikamweleza yote huku nimeshika sufuria tupu.

"Ng'ombe imepunguza maziwa," akasema. "Siku hizi natoa nyasi huko chini kwa mto, na mguu ndio huu unaona."

Akaingia ndani, akatoka na maziwa yote aliyokuwa nayo, akayamimina kwenye sufuria yangu mpaka tone la mwisho.

"Si wewe napatia, Mwalimu. Napatia Ciru. Huyo nilimbeba na hii mgongo Mama Ciru akiwa kazini."

Hapo ndipo iliponijia kwamba hatukumwalika. Mtu aliyembeba mtoto wetu, ua tu katikati yetu, na siku wakwe wanakuja kumwona mtoto huyo nilialika mpaka karani wa kanisa, yeye sikumwalika. Niliona aibu hata kusema asante. Nikarudi nimebeba sufuria kwa mikono miwili, na suti na tai, nikapita mbele ya wakwe wote maana mlango mwingine hakuna, na Baba Maina akainuka akataka kunisaidia kubeba.

Chai ilitosha kikombe kimoja kimoja kwa wageni. Ciru alipokuwa anagawa akaniuliza kwa sauti ya chini maziwa yametoka wapi, nikamwambia. Aliweka birika mezani mbele ya watu, akatoka langoni na viatu vyake vya visigino virefu, na aliporudi alikuwa amemshika Mama Kariuki mkono, na gambuti zake na leso kiunoni, akamketisha katikati ya akina mama, akampa kikombe alichokuwa amewekewa yeye.

Baba Maina akamwinamia kwa heshima. "Mama, wewe ni nani ya huyu msichana wetu?"

"Mimi ni jirani," akasema Mama Kariuki. "Nilikuwa nakata nyasi hapa. Halafu Mwalimu akaniambia nipumzike."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja kazi aliyofanya zamani, akanywa chai yake. Lakini Baba Maina aliangalia zile nyasi ndefu, akaangalia mashine, akaangalia kikombe mkononi mwake, na yeye ni mfugaji, nikamwona akipiga hesabu mpaka akapata jibu. Hakuniambia lolote. Ningependa angesema kitu, hata kibaya, kwa sababu kile kimya chake nimekikumbuka siku nyingi kuliko maneno.

Mambo ya Ciru yaliendelea vizuri, hilo nashukuru, na wakwe wenyewe ndio walioomba kwamba siku ya mahari Mama Kariuki aketi na akina mama wa bibi harusi. Lakini wiki nzima binti yangu aliniita Mwalimu, kama mtu wa nje. Jumatatu nilienda kwa Mama Kariuki kumwomba msamaha na kumwambia boma ni lake, akate anavyotaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alishakubaliana na watu wa kanisa kukata nyasi zao, na yeye hawezi kuvunja neno lake kwa sababu mimi nimebadilisha langu. Aliongeza kwamba nikizikata mwenyewe naweza kumletea.

Basi nazikata mwenyewe, kwa panga, na kuzibeba mgongoni mpaka kwake, mzee mzima na gunia. Vijana wa boda huniambia, "Mwalimu, si upumzike," na nastahili. Mashine nilimpa rafiki wa Nanyuki bure, achukue vipuri. Nami nimeapa mbele ya Mama Ciru na sasa mbele yenu: mradi niko hai, sitamwambia tena mtu apumzike kabla sijamuuliza kama amechoka.