Mstari wa Tatu

Fomu ile niliichapa mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusimulia habari hii watu wakidhani wakosefu ni wale tu waliokuwa wamekaa mezani chuoni. Wao nao sijawasamehe, na nitafika kwao.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, katika idara inayosoma tamaduni za Waafrika na za Waafrika waliotawanyika duniani. Darasani kwetu diaspora ilikuwa ng'ambo ya bahari. Tulisoma habari za watu waliopelekwa utumwani na jinsi vitukuu wao walivyohifadhi nyimbo, vyakula na namna ya kuomboleza. Nilisoma kwa moyo wote, mengine nikiyalia. Siku moja nikanyoosha mkono. Nikasema bibi yangu mzaa mama alivuka mpaka kutoka Burundi na chungu kichwani na mtoto mgongoni, akaishia Murusagamba, na mpaka leo akikutana na shoga yake wanasalimiana salamu ya huko walikotoka. Je, yeye si diaspora? Mhadhiri akatabasamu. Hao ni wakimbizi, akasema, wana somo lao, jengo la pili. Darasa zima likacheka.

Jengo la pili! Nilitoka pale nimefura, na kwa hasira hiyo nikachagua mada yangu.

Salamu yenyewe inaitwa akazehe. Ni ya wanawake, na lazima wawe wawili. Wanashikana mikono kwa juu, karibu na mabega, mmoja anamimina maneno nusu anasema nusu anaimba: amani, watoto, ng'ombe, amani tena. Mwenzake anaitikia katikati yake, si mwishoni, mpaka husikii nani anauliza na nani anajibu. Bibi aliifanya na mtu mmoja tu, mwanamke waliyevuka naye siku ile ile, ambaye baadaye aliolewa Nyabusozi, upande wa Biharamulo. Kila tukimaliza kuvuna maharage alikuja kututembelea. Alikuwa hajafika uani Bibi amekwisha kuacha kazi, mikono imefunguka.

Mimi, msichana wa shule, nilikuwa naona aibu. Shuleni ukisema lugha ya nyumbani ulivishwa kibao shingoni, kwa hiyo wenzangu wa shule wakiwa karibu nilijificha migombani salamu ile iishe. Nalisema hili ili ijulikane kwamba niliyekwenda chuoni kuitetea akazehe ndiye niliyeikimbia kwanza.

Kamati ya maadili ya utafiti ilirudisha pendekezo langu mara mbili. Mzee asiyejua kusoma atalindwaje, waliuliza, kama hakuna fomu ya ridhaa? Wakanipa mfano wa fomu, niitafsiri. Jina. Umri. Nchi ya asili. Mahali pa dole gumba. Nikaitafsiri vizuri sana, nikasifiwa kwa Kiswahili fasaha. Nikanunua na pedi ya wino.

Nilifika Murusagamba nimejaa vumbi la bodaboda hadi kwenye kope. Bibi alikuwa uani anapukuchua maharage.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Hicho chuo hawapiki?"

Nilimweleza ninachotaka. Shoga yake angefika kesho yake. Ningekaa pembeni tu, nirekodi. Kinasa sauti hakikumtisha hata kidogo. Alikisogeza mdomoni akakisalimia, akacheka alipoisikia sauti yake. Ndipo nikatoa fomu nikamsomea kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka. Nilipofika mstari wa tatu, nchi ya asili, aliacha kupukuchua. Nikafungua pedi ya wino.

Aliutazama ule wino muda mrefu.

"Hiyo karatasi inaenda wapi?"

"Chuoni, Bibi."

"Na chuo ni cha nani?"

"Cha serikali."

Akafuta mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na uchafu. "Andika Tanzania. Andika nimezariwa hapa hapa."

"Lakini Bibi..."

"Andika."

Akaweka dole gumba mwenyewe, sikumwonyesha pa kuweka. Alilizungusha kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na mpaka leo najiuliza nilikuwa nimesahau kwa akili gani. Nikiwa mdogo walikuja watu wenye karatasi na wino wa namna hiyo, wakapita nyumba hadi nyumba wakiuliza mtu ametoka wapi. Majirani zetu wa upande wa chini walijibu ukweli, kwa sababu walikuwa watu wa kusema ukweli. Baada ya wiki chache hawakuwepo, wamerudishwa ng'ambo ya mpaka. Ndizi zao zikaiva zikaanza kuangukia chini, tukaenda kuzikata sisi. Nilizila. Mimi mwenyewe nilizila ndizi za watu wale, halafu nikasoma, nikasoma tena, nikarudi nyumbani kwa bibi yangu na wino.

Kesho yake shoga yake alifika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kinasa sauti mapajani. Alitua kikapu, akafungua mikono, akaanza. Sauti ilikuwa imezeeka lakini haikutikisika. Bibi alikuwa anatwanga, na hakuacha kinu.

"Karibu mama," akamwambia kwa Kiswahili. "Habari za safari?"

Yule mgeni alibaki mikono wazi. Akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akatazama kile kitu mapajani mwangu, akaelewa kabla mimi sijaelewa. Akashusha mikono.

"Nzuri," akasema.

Walikaa siku mbili wakizungumza kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Nilililia kosa langu. Nikaichana ile fomu mbele yao vipande vipande. Bibi aliokota vipande akavitia motoni, kisha akaniuliza kwa upole, "Hiyo ni yako. Ile nyingine, ya serikali, iko wapi?" Nikaapa hakuna nyingine. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto anayesema hajaonja sukari.

Nilirudi chuoni nikamweleza msimamizi wangu kila kitu, nikitarajia aone haya kama mimi. Alichangamka. "Kimya nacho ni data," akasema. "Hiyo ni sura nzima." Nikaiandika sura nzima. Nimeona haya sana kuandika sentensi hii, lakini ni kweli: niliiandika vizuri. Watahini waliisifu kuliko zote. Ile kamati iliyomlinda bibi yangu kwa wino haikuuliza hata siku moja anaendeleaje. Wamlinde nani, wale! Walikuwa wanajilinda wenyewe, na mimi ndiye niliyewabebea ngao.

Mwaka huu shoga yake amefariki, huko Nyabusozi. Nilimpeleka Bibi msibani, tukarudi siku ya tatu. Tulipofika uani hakuingia ndani. Alisimama pale pale shoga yake alipokuwa akitua kikapu.

"Umekuja na karatasi?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Sina karatasi."

Akafungua mikono.

Nilimkaribia, akanishika karibu na mabega, vidole vikavu na vyenye nguvu, akaanza. Nimeandika kurasa kumi na tisa juu ya salamu hiyo. Kwa kumbukumbu za utotoni na kwa vitabu vya wengine nimeeleza mwitikiaji anaingia wapi, anavuta pumzi wapi, kwa nini hangoji mwenzake amalize. Bibi alifika pale pa kuitikia. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akarudia kutoka mwanzo, polepole, kama anayemfundisha mtoto kutembea, akafika pale tena, akaningoja. Niliyajua maneno yote na sikujua hata moja.

Akashusha mikono yake.

"Habari za safari?" akaniuliza.

"Nzuri, Bibi," nikasema.