Mama Pasi na Dakika Tano za Kimya

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, pasi ya kwanza inatoa mvuke. Mwanamke mfupi amesimama peku mbele ya meza, miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea. Kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo. Anavuta pumzi shati likitandazwa, anaishusha pasi ikiteremka. Wenzake wanapiga soga, yeye hana habari nao.

"Ukimsemesha sasa hivi unamaliza mate yako bure," anasema wifi yake, anayekunja nguo meza ya pili. "Subiri amalize kifua."

Hapa kwa dobi wanamwita Mama Pasi. Ana miaka hamsini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza hii: mashati themanini kwa siku, saa tisa za kusimama. Jioni huvaa sare nyeupe na mkanda wa kahawia, na kwenda kwenye ukumbi wa karate mtaa wa pili.

Kesho ana mtihani wa mkanda mweusi, wa tatu kwake. Kanuni ya chama chao ni kwamba anayeanguka mara tatu hukaa miaka mitatu ndipo ajaribu tena. Magoti yake, anasema mwenyewe, hayajaahidi kumsubiri.

"Aliyeanza ni binti yangu, mimi nilikuwa nampeleka tu," anasimulia shati likishatundikwa. "Kukaa kwenye benchi kukanichosha kuliko kazi. Siku moja nikavua viatu. Yeye aliacha baada ya miezi miwili, mimi huu mwaka wa kumi."

Ngumi zake hazina kasoro. Kinachomwangusha ni kukaa. Mtihani hufunguliwa kwa dakika tano za kutafakari: unapiga magoti, unanyamaza, unafuata pumzi yako, na mtahini anakutazama.

Mara ya kwanza Mama Pasi alifumba macho, na kwa uchovu wa wiki nzima, usingizi ukampitia.

"Alikoroma," anasema wifi.

"Nilipumua kwa sauti," anajibu Mama Pasi bila kugeuka.

Mara ya pili hakulala, ila kila alipofumba macho alilisikia lile koromo lake. Akaingia kwenye pambano na papara zake, akasukumwa nje ya mstari mara tatu. Jumatatu yake wifi alimpokea mlangoni kwa jina jipya: Mama Pasi Asiyepasi. Jina likashika kazini kote.

Basi akaamua kujizoeza kutafakari hapahapa kazini. Miezi minne iliyopita alilitandaza shati jeupe la mteja, jipya kabisa, akashika pasi, akafumba macho na kuanza kuhesabu pumzi. Alifika saba. Kilichomzindua ni harufu.

Mwenye shati alikasirika, kisha akasamehe na kumwachia shati lenyewe. Mama Pasi hakujisamehe. Jioni alilibeba hadi ukumbini na kumtandazia mwalimu wake, huku machozi yakimtoka. Mwalimu, bwana mpole anayeuza vipuri vya baiskeli mchana, aliliangalia lile doa la kahawia lenye umbo la pasi.

"Dada, kwa miaka yote hii umeunguza mangapi?"

"Hili tu."

"Hayo mengine uliyapigaje?"

"Kwa kuangalia ninachofanya."

"Sasa nani alikwambia ufumbe macho?"

Hakuna aliyemwambia. Aliwaona wenzake wamefumba, naye akafumba.

"Wewe unatafakari mashati themanini kwa siku," mwalimu akamwambia. "Hapa unakuja kulala."

Anaposimulia hayo anacheka mpaka anaweka pasi pembeni.

Jumamosi asubuhi anapiga magoti ukumbini, macho wazi, yametua hatua mbili mbele yake. Dakika ya kwanza shwari. Ya pili, mtahini anasogea na kusimama palepale anapotazama. Suruali ya bwana huyo, kwenye mguu mmoja, ina mistari miwili ya pasi, kazi ya mtu aliyekuwa akiwaza mambo mengine.

Kwenye benchi, wifi ameiona pia. Anauma kitambaa chake asicheke. Mabega ya Mama Pasi yanatikisika. Kisha anavuta pumzi, anaishusha polepole, na uso wake unakuwa ule wa mezani, akiwa kwenye kola.

Pambanoni hana papara. Anangoja, anaingia, anatoka. Saa sita mchana jina lake linasomwa: amepasi. Anayeangua kilio ni wifi.

"Sasa nitamtania kwa lipi?" anauliza, akijifuta kwa kile kitambaa.

Mama Pasi ana mpango tayari, na bosi wake amekubali. Kuanzia Jumatatu, kila asubuhi kabla pasi hazijashika moto, wafanyakazi wote watakaa kimya dakika tano. Shati lililoungua litatundikwa ukutani. "Nataka waone faida ya kufumba macho," anasema.

Akiwa na mkanda mweusi kiunoni, anamwendea mtahini, anainama kwa heshima, kisha anamnong'oneza.

"Mwalimu, hiyo suruali niletee Jumatatu."

Mtahini anautazama mguu wake. "Kumbe uliiona."

"Niliiona," anasema Mama Pasi. "Nikaiacha ipite."