Siku Baba Mkwe Alipomwadhinia Mwanasesere

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana mkinicheka katikati nitanyamaza na sitaendelea. Jambo hili hata mama yangu mzazi sijamhadithia, nalisema kwenu kwa sababu hapa Mishomoroni lishaenea, na bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu kuliko kwa Bi Zuhura, ambaye akilihadithia huongeza chumvi mpaka mimi naonekana mwendawazimu.

Kazi yangu mwaijua, natengeneza wanasesere, wale wa kufanana na mtoto mchanga hasa, wenye maduka ya nguo za watoto huwavalisha wakawaweka pale mbele. Kichwa, mikono na miguu naagiza vitupu, plastiki laini isiyo na rangi yoyote, halafu ndipo kazi inapoanza: rangi naizimua kwa tina mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, nagusagusa kwa kipande cha sponji, natia kwenye oveni ishike, natoa, napaka tena, narudisha tena (mume wangu Salim ashazoea kufungua oveni akitafuta mkate akakutana na kichwa). Kiwiliwili ni kitambaa, nakijaza sufi na vifuko vya mchanga wa pwani uliooshwa ukakauka, kwenye makalio na nyuma ya shingo, ndiyo maana ukimbeba kichwa kinalegea na mkono wako wenyewe unakwenda kukishika bila kuambiwa. Nywele ni za mbuzi, nachomeka kwa sindano, unywele mmoja mmoja.

Sasa huyu wa siku hiyo nilimpatia, wallahi. Na ujanja wote ulikuwa kwenye masikio. Watoto wetu si huzaliwa weupe, na sisi tukitaka kujua watakuja kuwa rangi gani twatazama ncha za masikio? Basi uso nikaufanya ule wekunduwekundu wa mtoto wa juzi, masikio nikayakoleza kahawia. Nilipomaliza nikamtazama, nikaona haya kumwacha uchi, nikamvalisha.

Asubuhi natakiwa kumpeleka kwa mwenye duka, Kisauni. Ningemtia mfukoni kama wenzake, yakaisha. Lakini nikahofia nywele zitalala, nikamfunga leso nikambeba kifuani, na njiani nikasema hebu nipite kwa wakwe niwaonyeshe, kwa sababu, nisiwafiche, nilitaka kusifiwa.

Barazani nikamkuta mama mkwe na jirani yake, huyo Bi Zuhura, na wanawake wengine wa mtaani, wanachambua mchicha. Nikaamkia, "Shikamoo, Mama." Hata marahaba hakuitika, macho yake yako kifuani pangu.

"Wa nani huyo?"

Hapa ndipo ningesema ni mwanasesere, Mama, kazi ya mikono yangu. Lakini nikaona mwanamke huyu kazaa na kuzalisha wenziwe, na yeye kadanganyika, basi mimi ni fundi! Ngoja nimwache kidogo. Nikajibu, "Wangu, Mama. Nimepewa."

Utani ule niliukusudia wa kupumua mara moja tu halafu tucheke. Nilichosahau, kwa kupenda sifa, ni kwamba mimi na Salim tumekaa miaka kwenye ndoa hatujajaliwa, na mama wa watu hajanisimanga hata siku moja, alichoomba ni tuchukue mtoto wa ndugu tumlee, nyumba ichangamke. Kusikia "nimepewa", akaachia ungo, mchicha ukamwagika, machozi yakamtoka palepale. "Alhamdulillahi," akasema, "alhamdulillahi," na sauti ile sijapata kuisikia kwake.

Nikafungua mdomo niseme, Bi Zuhura akaniwahi, akavuta leso akachungulia. "Mashaallah! Atakuwa maji ya kunde huyu, hebu tazameni masikio!" Vigelegele vikapigwa, watu wakatoka majumbani. Na mimi, Mungu anisamehe, roho ilinipasuka kwa hofu lakini kipande chake kimoja kilifurahi masikio yamesifiwa.

"Ashaadhiniwa?" mama mkwe akauliza.

"Bado," nikasema. (Kweli si alikuwa bado?)

Baba mkwe akaitwa. Ni muadhini wa msikiti wa mtaa, mzee wa maneno machache. Akatoka ndevu bado zina maji ya udhu, akampokea mtoto kwa adabu, kiganja kimoja chini ya kichwa.

"Baba, ngoja kwanza..."

"Shh, mwanangu. Adhana hii."

Akainamia sikio la kulia, akaanza. Sauti ile ya mnarani aliipunguza ikawa ya kumwambia mtu mmoja siri nzuri. Nikisema, nimemkata mzee na adhana. Nisiposema, namwacha anaadhinia plastiki. Nikasimama tu kama gogo.

Kisha akakatiza mwenyewe. Akagusa sikio kwa kidole, akanusa, akanitazama. "Mbona wa baridi huyu?"

Mama mkwe akapiga ukelele, "Amekufa! Yarabi, mjukuu wangu amekufa!" Hapo kila mtu akalia lake, Bi Zuhura anaita tuktuk wende hospitali, nami napiga kelele, "Ni mwanasesere! Ni sufi na mchanga!" na wao wanasema, "Mshikeni, uchungu umempanda kichwani." Sikuona njia nyingine. Nikamnyakua kwa baba mkwe, nikashika kichwa, nikavuta kwa nguvu zangu zote mbele ya mtaa mzima, kikang'oka, sufi ikaruka ikatua kwenye mchicha. Mwanamke mmoja akakimbia mpaka barabarani bila viatu.

Walipoelewa, hakucheka mtu. Wakaondoka mmoja mmoja, hata Bi Zuhura. Baba mkwe akapangusa mikono kwenye kanzu, akasema, "Nilishafika hayya alas-swalah," akaingia ndani. Mama mkwe akachuchumaa akaanza kuokota sufi kwenye mchicha. Nikachuchumaa nimsaidie, akausogeza ungo kando, si kwa hasira, kausogeza tu.

"Ungeniambia umemtengeneza wewe," akasema, "ningekusifu."

Nimekwenda kuomba radhi na Salim, tumesamehewa, baba mkwe hata chai alininywesha. Na nimeapa: wanasesere wangu sasa nawatoa nyumbani uchi, nimewashika mguu, kichwa chini, mtaa mzima uone, na akitokea mtu akauliza wa nani, najibu wa duka kabla hajamaliza kuuliza. Nywele zikilala zilale.

Lakini liko jambo radhi haikulirudisha. Mama mkwe zamani akinipigia simu, hakati mpaka kwanza aulize taratibu, "Hakuna habari njema, mwanangu?" na mimi swali lile nilikuwa nalichukia, siku nyingine naiacha simu ilie mpaka ichoke. Sasa ananiuliza hali ya Salim, ananiuliza joto la huku kwetu, halafu anakata. Wallahi natamani aniulize.