Bango Lililoanzia Miguuni

Kila asubuhi, kabla hajateremka kitandani, Gundi huupima mkono wake wa kulia. Huuinua taratibu chini ya shuka, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango wa watu. Ukifika usawa wa kidevu, siku hiyo atajihesabu mzima. Ukikwama njiani, huurudisha chini, akauacha upumzike, kisha akaanza upya. Mke wake, aliyelala kando, hujifanya hasikii pumzi anazozibana.

Gundi si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la karakana, nalo limemganda kwa sababu nguo zake hunuka gundi hata zikitoka kufuliwa. Kazi yake ni kubandika picha za matangazo kwenye kuta za majengo marefu: chupa ya sabuni iliyopanda ghorofa hadi ghorofa, simu kubwa kuliko basi, mtoto anayecheka kwa meno mapana kama milango. Wapita njia huinua vichwa wakaiona picha. Aliyeibandika hawamwoni, na wakimwona, wanamdhania doa.

Hakuanzia juu. Ujanani alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka, mwenye brashi zake alizoziosha kila jioni na kuzilaza juu ya kitambaa kama watoto. Kisha karakana ikaleta mashine ya kuchapa. Siku ya kwanza mashine ile ilitema ukuta mzima wa rangi wakati yeye bado anakausha mikono. Mafundi wa brashi wakaambiwa wachague kati ya kwenda nyumbani na kupanda juu. Gundi alikuwa ameoa karibuni. Akapanda.

Mwenzake wa juu ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye karakana nzima humwita Kamba. Ni mwembamba, ana maneno mengi, na hana ghorofa anayoiogopa. Wamening'inia pamoja kwenye jukwaa moja tangu Kamba alipoota ndevu, Gundi akisimama kushoto, Kamba kulia, bila hata siku moja kubadilishana. Kila mmoja na dhamana yake. Kamba hukagua kamba, winchi na mikanda. Gundi hupima upepo. Gundi hajawahi kugusa fundo alilofunga Kamba, na Kamba hajawahi kuuliza upepo unatoka wapi. Akiambiwa tunaanzia hapa, anaanzia hapo.

Upepo si jambo dogo katika kazi hii. Picha kubwa haichapwi nzima. Huchapwa vipande virefu vyembamba, na kila kipande hupandishwa kidogo juu ya ukingo wa kilichotangulia, kama mabati ya paa. Kwa hiyo mafundi huanzia upande ambao upepo unaelekea, wakasogea kuufuata unakotoka. Wakifanya hivyo, upepo huteleza juu ya maungio. Wakianza kinyume, kila ungio huwa mdomo ulioachwa wazi, na upepo ukishaingia mdomoni hautoki bila kung'oa kitu.

Mwaka huu mzee wa meza ya pindo alistaafu. Meza hiyo ipo karakanani, chini, penye sakafu ya saruji na feni. Hapo mabango ya turubai hukunjwa kingo na kuyeyushwa kwa hewa ya moto ili yasichanike. Gundi aliitamani nafasi ile kuliko alivyowahi kutamani kitu tangu alipoposa. Kamba naye aliitaka, ingawa aliisema kwa mzaha: "Mwenzenu nimechoka kupigwa na jua upande mmoja, nimekuwa kama mkate uliosahaulika." Mwenye karakana, mama mmoja mtaratibu ambaye wote walimwita Madamu, aliwaambia wazi kwamba nafasi ni moja. Wamalize kwanza jengo la tangazo la magodoro, halafu ataamua.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Bega la Gundi lilikuwa limekwisha. Lilianza kwa kuuma, likaja kukwama, na sasa alikuwa hawezi kuuinua mkono juu ya kichwa bila kuona nyota mchana. Aliamini kwamba Madamu akijua, hatampa meza. Atampa mkono wa kwaheri. Basi ilimpasa kumaliza ukuta mmoja tu, mmoja wa mwisho, kabla mtu hajajua.

"Mwambie basi ndugu yangu," mkewe alimwambia huku akimchua kwa dawa. "Yule si mtu baki."

"Na yeye anaitaka meza."

Mkono wa mkewe ulisimama kidogo juu ya bega lile, kisha ukaendelea. Yeye alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, na hakuwa na dua ya kuomba isiyomdhulumu mmoja wao.

"Usimwambie na wewe," Gundi alisema.

"Sijasema nitamwambia."

Tangazo la magodoro lilikuwa picha ya mwanamke aliyelala fofofo, shavu juu ya mto, akitabasamu usingizini. Kichwa kilikuwa upande wa kushoto wa ukuta, miguu kulia. Upepo wa mtaa ule hutoka kulia. Kila mchuuzi anayefunga mwavuli wake pale chini anajua. Kwa hiyo ilipasa kuanzia kichwani, kushoto, wakisogea kwenda miguuni. Lakini wakisogea hivyo, kila ungio jipya huangukia kushoto mwa jukwaa, upande wa Gundi, na ungio ndilo lenye kazi: kulipasha moto na kulikandamiza kwa rola kwa nguvu zote, mkono juu, kutoka paani hadi chini. Wakianzia miguuni, maungio yataangukia kwa Kamba.

Gundi angeweza kuomba wabadilishane upande. Lakini kuomba hivyo, baada ya miaka yote ile, kungekuwa sawa na kulivua shati na kulionyesha bega. Asubuhi ile alisimama juu ya paa, akalegeza uzi wake wa kupimia upepo, akautazama ukielekea kushoto, akaukunja akautia mfukoni.

"Tunaanzia kule," akasema, akaonyesha kulia.

Kamba akacheka. "Shemeji! Leo huyu mama tunamwanza miguuni?"

"Upepo umegeuka."

"Umegeuka lini? Jana si ndio ulionivua kofia?"

"Jana ni jana. Nimeupima sasa hivi."

Kamba aliinua mabega. "Haya. Mwenye upepo ni wewe, mimi ni wa kamba tu. Tumfunike miguu kwanza, asije akashikwa na baridi."

Siku ya kwanza hewa ilitulia, kama iliyokula njama na Gundi. Walishusha vipande vya vidole, vya nyayo, vya shuka. Kamba alipiga rola akiimba, akilalamika, akimtania mwanamke wa ukutani: "Mama, umelala tangu asubuhi, sisi watoto wako tunakuwangia tu." Gundi alishika makali ya chini kwa mkono wa kushoto na kujikaza kisabuni. Jioni alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu.

Siku ya pili, jua lilipopanda, upepo ulirudi kutoka kulia.

Walikuwa juu, karibu na paa la jengo, wakisawazisha kipande cha kiuno. Gundi aliusikia kabla ya kuuona: sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza karatasi. Ungio la pili kutoka ukingoni lilivimba, likatulia, likavimba tena. Kamba alilishika kwa kiganja. Aliliachia, likainuka. Akalishika tena, akauelekeza uso wake kulia, na upepo ukampiga sawasawa machoni.

Hakusema mzaha.

"Shemeji," alisema, "upepo unatoka huku."

Gundi aliendelea kuushika ukingo wa kipande kwa mkono wa kushoto.

"Unatoka huku, na juzi ulikuwa unatoka huku. Wewe huwezi kukosea kitu hiki. Hata ukiwa na homa huwezi." Alimtazama Gundi, akautazama mkono wa kulia uliokuwa umelala juu ya reli ya jukwaa tangu asubuhi bila kufanya chochote. "Ni mkono?"

"Bega."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Jukwaa liliyumba kidogo. Chini, magari yalikuwa yakipigiana honi. Kamba alishusha pumzi ndefu.

"Bega ni bega, mtu anaumwa," alisema. "Lakini umenidanganya upepo. Huku juu! Sasa mimi je? Kesho nikichoka, nikakwambia kamba nimezikagua na sijazikagua? Utaniamini, si ndiyo? Utapanda tu, kwa sababu mimi ni shemeji yako."

"Ningepanda," Gundi alisema.

"Najua ungepanda. Ndiyo maana nina hasira."

Walishuka. Kipande kilichokwisha kubandikwa hakibanduliki kikatumika tena; hujikunja na kujishika chenyewe kama mtu aliyefedheheka. Miguu yote ya mwanamke yule ilikuwa sasa ni takataka, na ilibidi ichapwe upya. Hapakuwa na namna ya kuificha, hata kama wangetaka.

Madamu aliwapokea akiwa amesimama kando ya mashine, sauti yake ikishindana nayo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alipima upepo?"

"Sote tulikuwepo," Kamba alisema upesi.

"Sikuuliza nani alikuwepo."

"Mimi," Gundi alisema. "Nilipima, nikaona vizuri, nikasema vingine. Huyu hakujua."

"Kwa nini?"

Gundi alieleza habari ya bega. Madamu alimwambia auinue mkono. Aliuinua, nao ukafika kifuani ukaishia hapo, mbele ya watu wote, pamoja na kijana wa wino na fundi wa kukata. Madamu ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenipa meza?"

Mama yule alifikiri kwa kweli kabla ya kujibu. "Sijui," akasema. Na Gundi, ambaye alikuwa tayari kwa maneno makali, alikosa pa kuliweka jibu lile.

Miguu ilichapwa upya. Kamba alimaliza ukuta na fundi mwingine, akianzia kichwani, na tangazo likaonekana zuri kama yalivyo matangazo yote kwa anayelitazama kutoka chini. Baada ya hapo meza ya pindo alipewa Kamba. Gundi aliambiwa akapumzike mpaka bega lipone, na hakuna aliyetaja ni lini, wala nini kitafuata likipona.

Alipumzika basi. Alilala mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, akaamka amechoka zaidi. Alizunguka ndani ya vyumba vyao viwili, akakaza skrubu za bawaba kwa mkono wa kushoto, akapanga upya vyombo ambavyo mkewe alivipanga upya tena. Jirani alipomwuliza kama yuko likizo, alisema ndiyo.

Kamba hakuja. Alikuwa na mazoea ya kupita kila jioni, kuonja kilichopikwa na kukisema vibaya. Sasa zilipita jioni nyingi sahani yake ikiwa kabatini. Alipokuja hatimaye ilikuwa alasiri, na hakuingia. Alisimama kizingitini ameshika fremu ya mlango.

"Dada," alisema, "ulijua?"

Mke wa Gundi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nilijua."

"Ukaniacha nipande naye."

"Nilikuacha." Vidole vyake viliendelea kutafuta vijiwe. "Ningekwambia ningemwangusha yeye. Nisipokwambia nakuangusha wewe. Nilichoka kuchagua, nikanyamaza. Kama unanidai neno, lidai, mimi nipo."

Kamba akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye mkeka karibu na kiti cha Gundi, akaanza kujikanda kiuno kwa ngumi.

"Una nini?" dada yake akauliza.

"Meza." Alikunja uso. "Nyie mnadhani pale ni feni na kukaa? Turubai likipata joto ni zito kama ng'ombe aliyegoma. Unalivuta, unalikunja, unalivuta tena. Yule mzee aliweza vipi, sijui. Shemeji, nakwambia kweli, bega lako lisingemaliza wiki pale."

Gundi alimtazama kuona kama ni maneno ya kumfariji. Hayakuwa. Vidole vya Kamba vilikuwa na malengelenge, na kimoja kimefungwa kitambaa. Kitu alichokitamani mwaka mzima, alichokidanganyia, hakikuwa mahali pa kupumzika hata kidogo. Alitaka kucheka, lakini hakuwa na nguvu ya kutosha.

"Basi ningeharibikia chini badala ya juu," akasema.

"Karibu na choo, angalau," Kamba alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukuta mdomo wake ulielekea kucheka. Halafu ukarudi. "Nimemwomba Madamu akuite uwe unapima kuta. Uzi wako, vipimo, wapi waanzie. Hawa wapya wanabahatisha tu. Kazi ya kusimama chini na kutazama."

"Akasemaje?"

Kamba alikwaruza malengelenge yake. "Akasema upepo ndio kitu ulichodanganya."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Gundi alikubali kwa kichwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya haki. Akauliza, bila kumtazama:

"Na wewe? Nikikwambia upepo unatoka wapi, utaamini?"

Mke wa Gundi aliacha kuchambua mchele.

"Nikiwa juu," Kamba alisema, "bado."

"Na chini?"

"Chini, ndiyo."

"Haya," Gundi alisema.

Mkewe aliinuka kubandika sufuria. Hakuna aliyemwambia Kamba abaki, naye hakusema anaondoka. Alijilaza chali kwenye mkeka ili kiuno kipate kunyooka, na kabla maji hayajachemka alikuwa amekwisha kusinzia.