Siku Nilipomficha Mama Mkwe Stadi Zilizokatika

Iko siku moja, mwanangu, hunijia kichwani kila nikiona kijana amechomeka bomba kwenye spana ya tairi na kulirukia kwa miguu miwili. Natamani kumvuta shati nimwambie ashuke. Kijana huyo nilikuwa mimi, hapa hapa Makorora, na pikapu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba, nikiiendesha kubebea nazi.

Nilipata pancha mbele ya nyumba, nikabadili tairi. Majirani walikuwa barazani wakinitazama, nami nikataka waone nguvu. Nikachomeka bomba, nikaruka. Tak! Stadi ikakatika, ile bolti inayochomoza kwenye habu ili nati ipate pa kushika. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikahamia ya pili kwa hasira, nayo ikakatika. Kati ya sita zikabaki nne. Nikajiambia, meza ina miguu minne na haijaanguka. Nikabandika kifuniko cha gurudumu juu yake, nikaenda kula. Mjomba sikumwambia neno. Nicheke, mwanangu, lakini nicheke kidogo, maana mambo yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Siku ya tatu mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Uchungu ulimchosha, homa ikampanda, na katika dunia nzima kitu alichokitaka kilikuwa mama yake. Kwetu, kama ujuavyo, mwenye uzazi wa kwanza hukandwa na kulishwa na mama yake mpaka arobaini itimie, kwa hiyo hakuwa akideka, alikuwa akidai haki yake. Mama yake alikaa Pangani. Baada ya sala ya alfajiri nikawasha pikapu.

Nilimkuta mama mkwe habari imekwisha kumfikia, keshajifunga kanga, kikapu cha viungo kiko mlangoni na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakuulizia wewe tu."

"Basi twende," akasema, akapanda.

Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa vumbi na mikunjo kama bati. Hatujaenda mbali nikasikia chini yangu: ko, ko, ko. Nililijua kugonga kule kunatoka wapi. Lakini nilikuwa mkwe wa mwaka mmoja tu. Mbele ya mama mkwe hata kutafuna nilikuwa natafuna kwa haya, sasa nitamwambiaje kwamba nimevunja gari kwa kuringia majirani? Nikapandisha sauti. Nikamhadithia mvua, nikamhadithia harusi ya jirani, nikamsifu hata kuku wake. Gurudumu likizidi kugonga, nami nazidi kusema. Mama mkwe anaitikia tu, "Ehee."

Tulipoipita Kigombe akashika dashibodi.

"Simamisha gari, baba."

"Tumekaribia, mama."

"Hatujakaribia. Simamisha."

Nikasimamisha. Hakunigeukia, kwa heshima ya ukwe, alitazama mbele tu.

"N'sikize. Mimi gari silijui. Lakini nimelea watoto saba, nakijua kilio cha deko na kilio cha maumivu. Hili tangu kule kwenye mikonge linalia maumivu, na wewe kila likilia wanipa hadithi. Nambia, lina nini?"

Nikashuka, nikabandua kifuniko. Stadi ya tatu ilikuwa imekwenda. Zilizobaki nati zimelegea, nazigeuza kwa vidole. Nikarudi dirishani nikamwambia yote: bomba, majirani, hata ile habari ya meza. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Akasema taratibu:

"Kufa mimi siogopi, kufa ni kwa Mungu. Naogopa mwanangu alale pale na kichanga chake, amngojee mama asiyekuja na mume asiyerudi. Angelipia haya yako kwa kosa lipi, yule?"

Nililia, mwanangu. Ndevu zangu zote hizi, nimesimama kando ya barabara nalia, na mwendesha baiskeli mmoja akanipita ananishangaa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni na kulisema mbele za watu nionekane mwerevu, lakini siku ile ndiyo nililielewa.

"Haya, futa uso," akasema. "Fundi yuko wapi?"

Nikarudi Kigombe kwa miguu, nikampata mzee mmoja wa Kibondei, mfupi, mwenye nyundo na stadi tatu kuukuu mfukoni. Akapiga jeki, akavua gurudumu na dramu ya breki, akavigonga vile vipande vilivyokatika vikatoka, akazivuta zile stadi zake mahali pake. Kisha akakaza nati kwa spana na nguvu ya mkono tu, moja huku, nyingine ya upande wa pili, mpaka zikaenea. Nilipomuuliza kama hataki bomba, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nati inataka mkono, kijana, haitaki mwili mzima. Na ukifika Tongoni simama uzikaze tena."

Muda wote huo mama mkwe alitandika kanga yake pembeni akaswali adhuhuri. Mjini tulifika alasiri imeingia. Mke wangu macho yamemvimba.

"Mbona mmechelewa hivi? Nilidhani mmepata ajali!"

Nikafungua mdomo, mama mkwe akaniwahi.

"Tulisimama njiani nikaswali. Hebu nipe mjukuu wangu."

Hakusema uongo. Alinisitiri. Akakaa nyumbani kwangu siku arobaini, na hakunitupia hata jicho la kunikumbusha. Tangu siku hiyo nilimpenda kama mama aliyenizaa, Mungu amrehemu.

Ila sitara ya mwenzio si godoro la kulalia. Nilikwenda kwa mjomba nikamweleza, akanifokea kwa haki. Kisha nikakaa kitandani kwa mke wangu, nikamwambia na yeye. Alimpangusa mtoto jasho. Halafu akanitia mtoto mikononi.

"Usinifiche tena," akasema.

Na mimi sijamficha tena mpaka leo.

Ninalokuusia ni hili, mwanangu. Kuvunja kila mtu huvunja. Sisi sote mikono yetu ina pupa. Lakini ukishavunja, sema mapema, na uanze na wale uliowapakia, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine humuumbua yeye na asiye na kosa. Haya ya kusema huwasha kidogo na kupoa. Na ukimkuta mwenzio amekosa, mwambie ukweli mkiwa wawili, mbele ya watu umsitiri, naye atakuwa wako maisha. Nguvu zako usizitumie zote kwa sababu tu unazo.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu. Mola akulinde uendako na urudiko, na wote wanaokungoja wakusikie ukipiga hodi.